Safari hii njoo kwa ndege

Uyole, Mbeya
Machi 8

Mpendwa Mama Neema,

Ugonile, mwenzangu? Sisi huku wazima, ila mvua haitupi nafasi hata ya kuanika kanga. Sendofu ya Atu tumeipanga Jumamosi ya mwisho ya Aprili, na safari hii sitaki uje na basi.

Unakumbuka mwaka 2010 mama alipofariki. Nilikupigia simu saa sita mchana. Mabasi ya usiku yalikuwa yamepigwa marufuku, ikabidi ulale na msiba wako mpaka alfajiri ndipo upande gari. Mikumi, Kitonga, Iringa, Makambako; unashuka Uyole usiku, na sisi tumeshazika tangu saa tisa. Ulikaa mkekani bila kusema neno, miguu imevimba. Sijawahi kukuambia, lakini kila nikipita uwanja wa ndege wa Songwe naikumbuka ile miguu.

Kiwanja cha zamani pale mjini kilikuwepo, ndiyo, lakini kilipokea ndege ndogo tu. Baba Atu ndiye aliyenielewesha: huku kwetu juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo ndege huhitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kunyanyuka. Pale katikati ya nyumba za watu umbali huo ungetoka wapi? Songwe, uliofunguliwa Desemba 2012, una njia ya kurukia ya zaidi ya kilomita tatu, na ndege kubwa inatua bila wasiwasi. Ila usidanganywe na jina. Uwanja uko Mbeya, mbele ya Mbalizi; Mkoa wa Songwe ulizaliwa 2016 na makao yake ni Vwawa. Mgeni wetu mmoja alitaka kutafuta gari la Vwawa kwanza!

Tulisubiri sana. Miaka mingi uwanja ulikuwa hauna taa, kwa hiyo jua likizama ndege hazitui, na abiria walibanana kwenye jengo dogo huku jipya likijengwa na kusimama, likijengwa na kusimama. Iliniuma, maana njia ile ndefu ilikuwa tayari na watu tunaihitaji. Sasa taa zipo na jengo lipo.

Ukungu ndio bado unatusumbua. Januari nilimsindikiza Atu arudi chuoni. Asubuhi ile hata mti wa jirani huuoni. Tukaisikia ndege ikija, ikazunguka juu yetu, ikazunguka tena, halafu mlio ukafifia: imerudi Dar. Kulikuwa na bibi mmoja anayesubiri kwenda kliniki ya moyo, akawa anatuuliza kila mmoja wetu kama itarudi. Nilikaa naye mpaka saa nane ilipokuja. Sikumlaumu rubani, asiyeiona njia atatuaje? Kwa hiyo usikate tiketi ya asubuhi. Chukua ya mchana, ukungu ukiwa umeshapanda.

Jambo jingine, jiandae na barabara. Kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 800, utazimaliza chini ya saa mbili, halafu kutoka uwanjani mpaka kwangu unaweza kukaa karibu muda huohuo nyuma ya malori ya Tunduma. Wanajenga njia nne kutoka Nsalaga, huku kwetu Uyole, mpaka Ifisi, upande wa uwanjani, kilomita 29. Naiombea hiyo barabara kuliko hata jengo, kwa sababu mgonjwa wa kukimbizwa Dar hufia foleni, si angani.

Na natamani siku moja nione ndege ya mizigo imepakia pale maua na mboga za wakulima wetu. Parachichi za Rungwe zinavumilia meli zikiwekwa kwenye baridi. Maua hayavumilii.

Nitakuja kukupokea mwenyewe. Vaa sweta kabla hujashuka. Kesho yake asubuhi, kabla ya shughuli, tutakwenda wawili tu kaburini kwa mama. Nimelipalilia.

Ndaga fijo,
Mama Atu