Shangazi, nimeyakuta mafunjo yenu Sirakusa

Shikamoo shangazi,

Nimeandika mahali pa wazi ili binamu zangu wakusomee kwa sauti, maana habari hii haitoshi kwenye simu ya usiku. Wiki iliyopita nilikwenda Sirakusa, mji wa bandari kusini mashariki mwa kisiwa cha Sisilia. Ndiyo Sirakusa ya Matendo ya Mitume, Paulo alipokaa siku tatu akipelekwa Roma. Na kitu cha kwanza kunisimamisha pale hakikuwa kanisa wala hekalu. Yalikuwa mafunjo.

Mafunjo, shangazi! Haya haya mnayokata kando ya ziwa: bua la pembe tatu, na kichwa kimetimka kama nywele za mtoto aliyetoka kuamka. Yameota ndani ya bwawa lililojengewa mawe, bata wanapenya katikati yake, na nyuma ya ukuta tu ni bahari. Nilishika reli nikatazama mpaka watu wakawa wananizunguka ili wapite.

Bwawa hilo ni chemchemi ya Arethusa. Wagiriki wa kale walisimulia kwamba Arethusa alikuwa binti wa mwituni, mfuasi wa Artemi, yule aliyeabudiwa na Waefeso. Siku moja akaoga mtoni huko Ugiriki. Mto wenyewe, Alpheus, ukampenda, ukajigeuza mwanamume na kuanza kumkimbiza. Binti akakimbia mpaka pumzi ikamwishia, akamlilia Artemi, na Artemi akamgeuza maji. Akazama ardhini, akapita chini ya bahari, akaibukia hapa Ortigia, kisiwa kidogo chenye mji mkongwe. Alpheus akamfuata huko huko chini hadi maji yao yakachanganyika. Walikuwapo walioamini kwamba kikombe kikitupwa mtoni kule Olimpia kitaibukia Sirakusa, na kwamba ng'ombe wa sadaka wakichinjwa kule, chemchemi ya huku inatibuka.

Ningeisoma kitabuni ningeikasirikia, kwa sababu binti alikwisha kukataa. Lakini pale relini niliwafikiria waliosimulia. Mji huu ulianzishwa na wahamiaji kutoka Korintho, mnamo mwaka 733 KK. Walivuka bahari ya Ionia, wakaacha makaburi ya wazee wao. Kisha wakakuta maji baridi yanabubujika pembeni mwa maji ya chumvi, wakasema haya yametoka kwetu. Mimi nina miaka sita huku Italia, shangazi. Niliwaelewa.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi kanisa kuu. Kwa mbele utadhani ni jengo la karne ya 18 tu, maana upande huo ulijengwa upya baada ya tetemeko la mwaka 1693. Zunguka ubavuni: nguzo nene za hekalu la Athena, mungu wa kike wa Wagiriki, la karne ya 5 KK, zimo ndani ya ukuta. Wakristo waliziba nafasi kati ya nguzo, wakapata kanisa. Waislamu walipoutwaa mji mwaka 878, likawa msikiti, kisha likarudi kuwa kanisa. Nilipitisha kiganja kwenye mifereji ya nguzo moja. Chini imelika, juu bado ina makali.

Mchana nikaenda kwenye machimbo ya mawe, ng'ambo ya Ortigia. Kuna pango refu liitwalo Sikio la Dionysius, mtawala wa kale wa Sirakusa, na wageni hupiga makofi humo wasikie mwangwi. Mimi sikuweza. Mwaka 413 KK, Waathene waliokuja kuuteka mji huu walishindwa vibaya, na mateka wasiopungua 7,000 wakatupwa katika machimbo ya Sirakusa. Thucydides, mwanahistoria Mgiriki wa wakati huo, ameandika chakula chao: kwa siku, kibaba kidogo kimoja cha maji, kisichofika nusu lita, na viwili vya nafaka. Jua mchana, baridi usiku, maiti zimerundikana kando ya walio hai, na hali hiyo ilidumu miezi minane. Plutarch, mwandishi Mgiriki wa baadaye, anasema baadhi ya Waathene waliokoka kwa kuwaimbia Wasirakusa mashairi ya Euripides, mtunzi wa tamthilia wa Athene, kwa jinsi watu wa huku walivyoyapenda. Jambo hilo lingepaswa kuelezwa kwanza, kabla ya mwangwi.

Jioni nilirudi kwenye mafunjo. Mtaa wa jirani una duka la karatasi zake. Ufundi huo ulifufuliwa hapa na Saverio Landolina katika karne ya 18. Mama mmoja alinionyesha: anamenya ganda la kijani, anakata kiini vipande vyembamba, anavilaza kwa kupishana, kisha anavikandamiza. Nikamwambia kwetu tunaanika mabua tunasuka mikeka. Aliniuliza maswali mengi, jinsi mnavyopasua, mnaanika siku ngapi, na mengine sikuweza kumjibu.

Nimekununulia karatasi moja. Wewe nisukie mkeka mwembamba wa kuingia kwenye begi, nimpelekee, na unieleze siku ngapi.