Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kutoka Uasi wa 1837 hadi Kujitawala kwa Kanada

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati, naomba kuwasilisha taarifa ya kazi ya mwaka huu ya chama chetu cha wasomaji wa historia hapa Toronto. Vikao vyote vilihusu swali moja: ni kwa njia gani walowezi wa Kanada ya Juu (Ontario ya leo) na Kanada ya Chini (Quebec ya leo), walioshika silaha dhidi ya utawala wa Uingereza mwaka 1837, walifikia kujitawala katika mambo yao ya ndani mwaka 1848?

Chanzo cha uasi hakikutusumbua sana. Walowezi walichagua wabunge, lakini gavana na wateule wake, ambao hawakuwajibika kwa bunge hilo, ndio waliogawa vyeo na ardhi. Katika Kanada ya Chini, wafuasi wa Louis-Joseph Papineau, kiongozi wa waasi wa huko, walishinda Saint-Denis tarehe 23 Novemba, wakashindwa Saint-Charles siku mbili baadaye, na mwezi Desemba kanisa la Saint-Eustache walimojihami likachomwa moto. Hapa kwetu mambo yalikaribia kuwa kichekesho. Katika mtaa wa Yonge, ambao wengi wetu tunaupita kila siku, safu ya mbele ya wafuasi wa William Lyon Mackenzie, kiongozi wa waasi wa Kanada ya Juu, ilifyatua risasi kisha ikalala chini. Waliokuwa nyuma wakadhani wenzao wameuawa, wakatimua mbio, huku walinzi wa serikali nao wakikimbilia upande wa pili. Hata hivyo, wawili kati ya waasi hao, Samuel Lount na Peter Matthews, walinyongwa Aprili 1838.

Baadhi ya wanachama walishikilia kwamba aliyeleta mabadiliko ni Lord Durham, gavana aliyetumwa na Uingereza kuchunguza uasi huo, kwa ripoti yake ya 1839. Kwa maoni yangu, anasifiwa kupita kiasi. Alipendekeza kweli gavana afuate ushauri wa mawaziri wanaoungwa mkono na bunge, lakini alitaka pia majimbo hayo mawili yaunganishwe ili Wafaransa wa Kanada ya Chini wamezwe na Waingereza. London ikatekeleza muungano mwaka 1841 na kuliweka kando pendekezo la kwanza. Kilichogeuza mambo ni ushirikiano ambao Durham hakuutarajia. Louis-Hippolyte LaFontaine, kiongozi wa wanamageuzi wa Kifaransa, alipokosa kiti cha ubunge cha Terrebonne, mwanamageuzi mwenzake Robert Baldwin wa Toronto alimtafutia kiti York, ambako wapiga kura wa Kiingereza walimchagua Mfaransa huyo Mkatoliki; mwaka 1843 watu wa Rimouski, katika Kanada ya Chini, wakalipa fadhila kwa kumchagua Baldwin.

Nova Scotia, koloni jirani la Uingereza, ilitangulia kupata serikali ya kuwajibika kwa bunge, Februari 1848, bila uasi wowote, na mwezi uliofuata LaFontaine na Baldwin wakaunda yao. Mtihani wa mfumo huo ulikuja tarehe 25 Aprili 1849, pale gavana Lord Elgin, mkwe wa Durham, alipotia saini sheria ya kufidia hasara za uasi kwa sababu tu mawaziri wake walikuwa na wingi bungeni. Umati wenye hasira ulimrushia mayai, kisha ukachoma jengo la bunge Montreal, lakini sheria haikufutwa.

Mwaka huohuo bunge hilohilo liliwanyima wanawake wote haki ya kupiga kura, jambo tuliloligusia dakika za mwisho tu. Kwa hiyo kamati inapendekeza mwaka ujao tuanzie hapo, pamoja na suala la ardhi za wenyeji wa asili, hadi shirikisho la 1867 lililounganisha makoloni kuwa nchi ya Kanada. Pendekezo hilo litapigiwa kura mara tu mweka hazina atakapomaliza kusoma hesabu.