Salamu za Pasaka kutoka Mbeya: Tusizizime Filamu Ijumaa Kuu

Ndugu zangu na wapenzi wenzangu wa filamu, Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Mlioko Iringa na Njombe, kamwene. Wa Rungwe na Kyela, ugonile. Na ninyi majirani zetu Waislamu, ambao sahani ya pilau imekuwa ikivuka uzio kwenda kwenu na kurudi kwetu kila sikukuu, asalaam aleikum.

Leo ni Jumamosi Kuu na Mbeya imelowa. Masika yamekaza, mlima Loleza haujaonekana tangu asubuhi, ukungu umekaa juu ya mabati ya Mwanjelwa, na sokoni watu wananunua mchele, vitunguu na kuku wakiwa wamevaa makoti. Ni siku ya katikati: Yesu yumo kaburini na sufuria bado hazijainjikwa. Siku hii hunipa muda wa kuwaza, na mwaka huu nimewaza sana juu ya jambo tunalolifanya kila Pasaka bila kulichunguza, yaani kuangalia filamu za Yesu.

Jana mmeona wenyewe. Tulipotoka kwenye ibada ya Ijumaa Kuu, mtaa mzima runinga zilikuwa kwenye mateso. Watoto wanajua mjeledi unakuja lini, wanajificha nyuma ya kochi kabla haujafika. Mama anaangalia huku ameuma pindo la kanga. Yesu anakata roho, pazia la hekalu linapasuka, mtu anashusha pumzi, na papo hapo mwingine ameshachukua rimoti. Chakula tayari. Sehemu iliyobaki ya filamu haina wa kuidai.

Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo nililotaka kuwaambia katika salamu hizi. Tunaziacha filamu Ijumaa.

Wala si sisi watazamaji peke yetu. The Passion of the Christ ya Mel Gibson, iliyotoka mwaka 2004, ina zaidi ya saa mbili, na karibu zote ni za saa za mwisho za Yesu: Gethsemane, viboko, njia ya msalaba, misumari. Waigizaji wanazungumza Kiaramu, Kilatini na Kiebrania, kwa hiyo hapa kwetu msomi na asiyejua kusoma wanakaa benchi moja, wote wanasoma nyuso. Ufufuko umewekwa mwishoni kabisa, kwa muda mfupi: sanda inalegea, uso unaonekana kwa ubavuni, kiganja kina tundu, basi. Siilaumu. Filamu ile iliniliza na bado inaniliza. Lakini nimejiuliza mara nyingi kwa nini mateso yapewe saa mbili, uzima upewe dakika.

Nadhani ni kwa sababu maumivu yanaonekana. Damu inaonekana, msumari unaonekana, mama anayelia anaonekana, na kamera haipati shida navyo. Sasa mtu aliyetoka kaburini, asiyekufa tena, utamwonyeshaje? Wengi hujaribu kwa taa kali, moshi, na kanzu nyeupe kupita kiasi, na mtazamaji anabaki mkavu kabisa. Anajua ameonyeshwa taa.

Rudini kwenye Injili zenyewe muone. Waandishi ni wanne, na hakuna hata mmoja aliyeeleza Yesu akiinuka. Mathayo anatuonyesha malaika akiliviringisha jiwe, lakini hasemi Yesu alitoka vipi. Marko, katika nakala za kale zaidi, anaishia sura ya 16, mstari wa 8, wanawake wakitoka mbio kaburini huku wanatetemeka. Luka anatupeleka njiani na watu wawili waliokata tamaa, wanatembea na mgeni hadi Emau, jioni wanaketi mezani, anaumega mkate, wanamtambua, na papo hapo hawamwoni tena. Yohana anamweka Mariamu Magdalene bustanini akilia, akidhani anayezungumza naye ni mtunza bustani, mpaka anapoitwa kwa jina lake.

Mkiniuliza mimi, wale wanne walikuwa waongozaji hodari. Walijua pa kuiweka kamera. Hawakuielekeza ndani ya kaburi, waliielekeza kwa watu: wanaokimbia, wanaotetemeka, wanaogeuka baada ya kusikia jina lao. Ufufuko tunausoma usoni mwa waliokutana nao.

Kuna mwongozaji mmoja wa karne yetu iliyopita aliyelielewa hili, tena hakuwa mtu wa kanisani. Pier Paolo Pasolini, Mwitaliano, mkomunisti, alitengeneza mwaka 1964 filamu nzima kwa maneno ya Injili ya Mathayo, akaiweka wakfu kwa kumbukumbu ya Papa Yohane XXIII aliyekuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Hakuchukua mastaa. Yesu aliigizwa na mwanafunzi kutoka Hispania, Enrique Irazoqui, na Maria wa uzeeni, yule anayesimama chini ya msalaba, ni mama mzazi wa Pasolini mwenyewe. Wengi wa waliobaki ni watu wa kawaida wa kusini mwa Italia, nyuso zilizochomwa na jua, meno yaliyong'oka, mama wa shambani hasa. Filamu ni ya rangi nyeusi na nyeupe. Kijana aliyezoea filamu za mapigano ataiona inakwenda taratibu mno. Mwambieni avumilie.

Kwa maana mwishoni, jiwe linapoanguka na watu wanapolikimbilia kaburi, unaingia wimbo. Ni ngoma. Ni sauti za watoto wanaimba Gloria kwa Kilatini, lakini mdundo wake ni wa Kiafrika mtupu. Ni Missa Luba, misa iliyoimbwa na kwaya ya Kamina, Kongo, chini ya padri Guido Haazen na kurekodiwa mwaka 1958. Niliposikia mara ya kwanza nilisimama. Kamina iko upande uleule yanakokwenda malori yanayopita hapa usiku kucha, Uyole, Mafiati, Mbalizi, hadi Tunduma, kisha Zambia, kisha Katanga. Mwitaliano asiyeamini alitafuta sauti ya kumsindikiza Yesu mfufuka, akaikuta kwa watoto wa huku kwetu. Mimi sioni aibu kusema nalichukulia jambo hilo kama zawadi ya Pasaka.

Niwape na picha nyingine, ya jirani zaidi. Ile tunayoiita Filamu ya Yesu, ya mwaka 1979, iliyofuata Injili ya Luka na ambayo Brian Deacon ndiye Yesu, imeingizwa sauti za lugha zaidi ya 2,000 duniani. Nafikiri hakuna kata huku Nyanda za Juu Kusini isiyowahi kuiona. Mimi niliiona Rungwe, kwenye uwanja wa shule, shuka jeupe limefungwa kati ya miti miwili ya mikaratusi na jenereta linanguruma nyuma ya darasa. Mvua ilikuwa imetoka kukatika, kwa hiyo kumbikumbi walijaa kwenye mwanga wa projekta na vivuli vyao vikawa vinaruka juu ya Galilaya. Upepo ukivuma, uso wa Yesu unajikunja na kujikunjua. Watoto waliokosa nafasi mbele walikaa nyuma ya shuka, wakaangalia kila kitu kinyumenyume, Yesu akibariki kwa mkono wa kushoto, na hawakuona kasoro yoyote.

Msalabani watu walilia, kama kawaida. Ila hakukuwa na rimoti pale. Hakuna aliyeondoka. Na Yesu alipotokea tena katikati ya wanafunzi wake, niligeuka, nikaacha shuka, nikaangalia watu. Mbele yangu kulikuwa na bibi mmoja mwenye kitenge kichwani, mwanga wa filamu umempiga usoni. Wakati wa mateso alikuwa ameinamisha kichwa. Sasa alikuwa amekiinua, mdomo wazi, na mkono wake umeshika kwa nguvu bega la mjukuu aliyesinzia, anamtikisa: amka, amka uone. Hakuna mwangaza wa studio niliowahi kuuona uliosema ufufuko kama uso ule.

Nimesema leo ni Jumamosi Kuu. Wapenzi wa filamu Tanzania tuna sababu nyingine ya kuikumbuka siku hii. Mwigizaji wetu Steven Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012, na ilikuwa Jumamosi Kuu. Wengi wenu mnakumbuka Pasaka ile ilivyokuwa nzito. Vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mitaani, vilirudisha filamu zake, nyumba kwa nyumba CD zake zikatolewa kabatini, na watu wakakaa wakimtazama akicheka, akigombana, akitembea. Nilijifunza kitu kwenye siku zile. Filamu inautunza uso, inautunza vizuri kuliko picha ya ukutani, inatunza hata namna mtu anavyomeza mate kabla ya kusema neno gumu. Lakini ukimwita hageuki. Mariamu aliitwa kwa jina lake akageuka, naye akaita, akaitikiwa. Hapo ndipo imani yangu inapoanzia, mahali ambapo sanaa niipendayo inafika mwisho wa uwezo wake. Wala siipendi pungufu kwa hilo. Naipenda kwa sababu inanifikisha pale ukingoni na kunionyesha nyuso za waliovuka kuangalia.

Kesho alfajiri sisi wa Kanisa la Moravian tutakuwa makaburini. Desturi hii ilianzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, vijana walipokwenda makaburini kabla ya jua kuimba, na wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 wakatuachia. Kwa wasiowahi kuja: njooni na sweta, na viatu mnavyokubali viloe. Kutakuwa bado giza, matarumbeta yataanza, nyasi ndefu za masika zitakuwa na maji, na waliofariki tangu Pasaka iliyopita watakumbukwa pale pale walipolala. Wapo watu watakaosimama kando ya udongo ambao haujashikana bado. Nami nitakuwa nimesimama karibu na familia moja ya mtaani kwetu ambayo mwaka huu ndiyo kwanza inakuja ikiwa na kaburi lake.

Kwa hao salamu zangu ni za kwanza. Kisha nawasalimu madereva watakaokula Pasaka foleni ya Tunduma, wauguzi walioko zamu, wagonjwa waliolazwa, wanafunzi waliobaki bweni kwa kukosa nauli, na mafundi, waandishi na waigizaji wetu wanaotengeneza filamu kwa kamera za kuazima na kuziuza kwa taabu. Msichoke. Mkipata siku moja hadithi ya kanisani, msihangaike na taa wala moshi. Mtafuteni bibi wa Rungwe.

Na kwenu nyote nina ombi dogo la sikukuu. Jumatatu ya Pasaka, watu wakishashiba, iwasheni tena ile filamu mliyoizima Ijumaa. Msianze mwanzo, anzieni palepale mlipoachia, pazia la hekalu limepasuka na watu wanarudi majumbani wakijipiga vifua. Wakusanyeni watoto, na rimoti apewe mzee wa nyumba. Filamu ikiisha, waulizeni watoto wameona nini kwenye nyuso za wale wanawake, halafu muwape muda wa kujibu.

Heri ya Pasaka, ndugu zangu. Bwana amefufuka! Nasubiri mniitikie.