Namba tuliyokupa ni ya kiroba chako, si ya wilaya nzima

Kuna mteja wa maabara yetu ameandika kwamba tumekula hela yake: alitaka kujua manjano ya wapi yana kurkumini nyingi (kiambata kinachoyapa rangi ya njano), tukampa karatasi ya namba. Wengi mnauliza hilohilo, kwa hiyo tunajibu hapa.

Alileta viroba viwili vya manjano, kimoja cha Muheza, kingine cha Matombo, Morogoro. Vipande vya Muheza vilichemshwa kabla ya kuanikwa, vikavu hadi vinavunjika vikilia. Vya Matombo vilikatwa vibichi na bado vilikuwa vinapinda mkononi. Tulimpigia simu kabla ya kugusa mashine. Akasema, "Pimeni hivyohivyo." Tukapima.

Unyevu peke yake unatosha kukupotosha. Manjano yenye maji asilimia 20 ikionyesha kurkumini asilimia 3, kwa uzito mkavu (maji yakiondolewa) ni 3.75. Yenye maji asilimia 10, namba hiyohiyo inakuwa 3.33. Ndiyo maana kila sampuli inapita kwenye oveni kwanza, na gharama hiyo imo kwenye ankara. Hatuitoi hata ukibembeleza.

Kulinganisha mashamba kunataka mbegu ya aina moja, umri mmoja, ukaushaji wa namna moja, na sampuli za kutoka pembe mbalimbali za kila shamba. Ukituchagulia vipande vinono tu, tunakurudishia. Manjano hukaa ardhini miezi 7 hadi 10, na iliyong'olewa mapema hailingani na iliyokomaa, hata zikitoka shamba moja.

Kuhusu bei: kipimo cha bei rahisi husoma ukali wa rangi ya njano kwenye mwanga wa nanomita 425. Kinajumlisha kurkumini, viambata ndugu zake wawili, na hata rangi ya kiwandani kama mtu amechanganya. Kuna mfanyabiashara alikwenda na majibu ya namna hiyo kwa mnunuzi wa nje. Mnunuzi akapima upya kwa kromatografia, yaani kipimo kinachotenganisha kiambata kimojakimoja, namba ikashuka, mzigo ukakwama ghalani. Akaja kwetu akalipa mara ya pili, na kodi ya ghala juu yake. Sisi tunatenganisha kila kiambata, tunarudia kila sampuli mara tatu, na chupa tunazifunga foili kwa sababu mwanga unaila kurkumini. Kurkumini halisi ya kulinganishia tunaiagiza nje, na si bei ya mchicha.

Tupigie kabla ya kuvuna. Maelekezo ya kuchukua sampuli shambani hatutozi.