Wanangu mnaocheza besiboli hapa Pittsburgh, mnaitwa nani?

Wanangu,

Jumamosi nilikuwa nyuma ya wavu, kwenye kiti changu cha kukunja, nikiwatazama. Mama mmoja, kanga mabegani na chupa ya maji mkononi, akamwita mwanawe kwa jina la marehemu babu yake. Kijana kimya. Akaita tena, wenzake wakacheka. Kocha alipopaza sauti, "Mike!", kijana akageuka kama kuku aliyesikia mtama ukimwagwa. Mama wa watu akaiweka ile chupa chini, karibu na miguu yangu, akasema, "Babu, labda ni upepo." Hakukuwa na upepo.

Sijalala vizuri tangu siku ile.

Mnalivuka lile daraja la njano lenye jina la Roberto Clemente, mchezaji wa Pirates, timu ya besiboli ya mji wetu, kila mkienda mjini. Mnajua ukuta wa upande wa kulia kwenye uwanja wa Pirates una futi 21 kwenda juu kwa sababu ya namba ya jezi yake. Lakini mnajua aliitwaje? Alifika hapa 1955, kijana wa miaka 20 kutoka Carolina, Puerto Rico, baba yake msimamizi katika mashamba ya miwa. Mweusi, tena Kiingereza chake cha kuokoteza. Waandishi wa magazeti wakawa wanayaandika maneno yake vile vile alivyoyatamka, wasomaji wapate kucheka. Wakambatiza "Bob". Hata kadi za wachezaji zikachapishwa Bob. Yeye akawajibu mwaka baada ya mwaka: Roberto. Alikuwa na Glavu za Dhahabu 12, tuzo ya walinzi bora uwanjani, alikuwa bingwa wa kupiga mpira kwa gongo mara nne, na bado alilazimika kuwakumbusha watu jina lake!

Kisha ikaja Oktoba 1971. Pirates wamewafunga Baltimore mechi ya saba ya fainali, 2 kwa 1, yeye ndiye mchezaji bora wa fainali, kamera zote usoni pake. Akaomba kwanza aseme kwa Kihispania, lugha ya kwao. Mbele ya Marekani nzima akawaomba wazazi wake baraka zao. Baraka, wanangu! Nyinyi mnaona aibu kupokea maji.

Wala sijitoi. Kwenye ghala nililofanyia kazi niliitikia "Sam" miaka kumi na moja, kwa kuwa msimamizi alisema jina langu linamchosha ulimi. Nilicheka naye. Mke wangu hakucheka. Kwa hiyo wazazi, kabla ya kuwachapa hawa kwa maneno, tujitazame na sisi tuliowafundisha.

Mengine nayataja kwa haraka. Mkono ule wa Clemente wa kutupa mpira ulianzia kwenye kurusha mkuki shuleni, basi msidharau michezo mingine. Aliumwa mgongo karibu maisha yake yote ya uchezaji, akacheza misimu 18. Mpira ukigongwa, kimbia, hata ukiona utadakwa. Masomo msiyaache.

Na hili la wakubwa. Desemba 1972 tetemeko liliipiga Managua, Nicaragua. Clemente akakusanya misaada, akasikia wanajeshi wa Somoza, mtawala wa nchi ile, wanaipora. Akasema atakwenda mwenyewe. Tarehe 31 akapanda ndege kuukuu iliyojazwa kupita kiasi, ikaanguka baharini muda mfupi baada ya kuruka. Miaka 38, mwili haukuonekana mpaka leo. Miezi mitatu tu nyuma alikuwa ametimiza mapigo yake 3000 yaliyomfikisha salama kituoni, idadi ambayo wachache huifikia. Nasi hapa tumechangishana msiba mara ngapi, daftari likapotea? Wahusika wanajijua, na kanisani na msikitini wanakaa mstari wa mbele.

Nimeandika kwa hasira, nisameheni. Nawapenda, ndiyo maana sikosi mechi hata baridi ikinitafuna magoti.

Jumamosi ijayo nitafika mapema na ndoo ya sambusa. Nitawaita mmoja mmoja, majina matatu kamili, kwa sauti ya kufika mpaka kule mbali upande wa kulia. Mike sina sambusa yake.

Babu yenu wa kiti cha kukunja