Barua kwa Somo Kuhusu Chaneli ya 7.2

Chicago, 9 Oktoba 2021

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto, na kwa mama unifikishie shikamoo yangu. Mimi ni mzima wa afya, na baridi ya huku bado haijatukamata sawasawa. Barua yako nimeipata na nimeisoma zaidi ya mara moja. Umeniambia kwamba kituo chenu hapo Dar es Salaam kimewakabidhi kazi ya kuandaa chaneli ya pili, itakayokuwa ya mapishi, nyumba, afya na malezi, na ukaniuliza imeishia wapi ile chaneli ya huku niliyokuwa nikikusimulia kila tulipozungumza kwa simu. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu historia yake ina mambo ambayo ningependa uyajue kabla hamjasaini mkataba wowote.

Chaneli ile iliitwa Live Well Network. Ilianza kurushwa tarehe 27 Aprili 2009 katika vituo vinavyomilikiwa na ABC yenyewe, mtandao mkubwa wa televisheni wa Marekani, yaani vituo vilivyo chini ya Disney katika miji kama New York, Los Angeles, Philadelphia, San Francisco, Houston na hapa Chicago. Itazame vizuri tarehe hiyo, somo, kwa maana haikupita miezi miwili, tarehe 12 Juni 2009, vituo vikubwa vya Marekani vikazima mitambo yao ya analojia. Chaneli ile ni mtoto wa dijitali moja kwa moja. Kila kituo cha huku kimepewa na serikali kipande cha masafa chenye upana wa megahezi 6. Zamani za analojia, kipande hicho kilibeba picha moja tu na sauti yake. Katika dijitali, kipande kilekile kinabeba takriban megabiti 19 kwa sekunde, na mwenye kituo ana hiari ya kuzigawa atakavyo: chaneli kuu ikishachukua fungu lake, kinachobaki kinaweza kubeba chaneli ya pili, hata ya tatu. Vituo vingi viliitumia nafasi hiyo kuonyesha ramani ya hali ya hewa kutwa nzima. ABC waliamua kuijaza maisha ya nyumbani.

Nakumbuka majira yale kama ya jana, kwa kuwa ndipo nilipokuwa nimeanza kazi ya kumhudumia yule bibi wa upande wa kusini wa mji. Televisheni yake ilikuwa ile nene ya kioo cha mbinuko, na serikali ilikuwa ikitoa kuponi za dola 40 kwa kila kaya iliyoomba, zisizozidi mbili, ili watu wanunue ving'amuzi vya kugeuza dijitali iweze kuonekana katika seti za zamani. Mimi ndiye niliyekwenda dukani na kuponi yake, na mimi ndiye niliyepiga magoti nyuma ya meza nikiunganisha nyaya. WLS, kituo cha ABC cha hapa, kiliweka dijitali yake katika chaneli 7, yenye masafa ya chini, ambayo vile viantena vidogo vya duara, vilivyotengenezwa kwa masafa ya juu, havikuyanasa vizuri, na watu wengi wa mji huu wenye antena za ndani wakapoteza picha siku zile. Kwetu picha ilikuwa ikiganda, ikivunjika vipande kama vigae, kisha ikirudi. Ilinibidi nitafute antena ya kizamani yenye vyuma viwili virefu, nivivute hadi mwisho, kimoja kielekee dirishani na kingine kilale karibu na pazia, na bibi ananiambia kutoka kitini, "Hapo hapo, usiguse tena." King'amuzi kilipomaliza kutafuta, chini ya 7.1, chaneli kuu ya WLS, ikatokea 7.2. Ndiyo Live Well yenyewe, ingawa siku ile hatukujua ni nini. Tukaiacha iendelee, na ikawa ndiyo chaneli ya nyumba ile kwa miaka mingi.

Vipindi vyake havikuwa vya gharama kubwa, na hapo ndipo penye siri ambayo ningependa muishike. Kazi nyingi ilitoka katika vituo vyenyewe, ambavyo tayari vilikuwa na studio, taa, wapiga picha na wahariri. Chris Koetke, mwalimu wa mapishi wa Kendall College ya hapa Chicago, alikuwa akifundisha jikoni. Lisa Quinn alishughulika na mambo ya nyumba. Greg Aiello alikuwa akitembea milimani na mtoni na kamera yake. Baadaye akaja Joey Fatone, yule mwimbaji wa kundi la muziki la *NSYNC, akawa anaingia katika majiko ya watu wa kawaida ili waonyeshe chakula walichorithi kwa mama na bibi zao. Ninapenda hasa kile cha Koetke, kwa sababu alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mtangazaji, na mwalimu hana haraka. Kamera ilitulia juu ya mikono yake kiasi cha kumwezesha mtu kuona kisu kinashikwaje, na si kuona tu sahani iliyokwisha kupambwa. Bibi alikuwa na penseli fupi na bahasha za barua alizozikata, na nyuma ya bahasha hizo aliandika vipimo kwa mwandiko uliotetemeka. Akikosa kimoja ananiuliza, nami nilikuwa nimejifunza kuvishika kichwani, kwa kuwa nilijua ataniuliza. Ndipo nilipojifunza Kiingereza cha jikoni, somo, majina ya viungo na ya vyombo, kabla sijajifunza cha ofisini.

Mwanzoni jina lake lilikuwa refu zaidi, Live Well HD Network, kwa kuwa ilirushwa kwa picha ya ubora wa juu ya mistari 720, jambo lililokuwa adimu kwa chaneli ya pembeni. Muulize fundi wenu wa mitambo athari ya uamuzi wa namna hiyo. Kuweka picha mbili za ubora wa juu ndani ya kipande kimoja cha masafa ni sawa na kufungua mabomba mawili katika tangi moja: kila moja linapunguza nguvu ya mwenzake, na panapokuwa na mwendo wa kasi, kama vile mpira, picha inaanza kuchoka. Hata hivyo nadhani walifanya vyema, kwa sababu chakula na nyumba ni mambo ya kutazamwa kwa karibu, na chaneli ya pembeni ikionekana hafifu mtazamaji ataihesabu kuwa mabaki.

Kutoka hapo ilikua. Vituo vya kampuni nyingine, katika miji ambayo ABC haikuwa na kituo chake, viliichukua na kuirusha katika nafasi zao za pembeni. Lakini kukua kule kulikuwa na mshindani ambaye wengi hatukumtazama kwa makini. Hapa hapa Chicago, kampuni ya Weigel Broadcasting ilikuwa na chaneli yake ya vipindi vya zamani, MeTV, na mwezi wa Desemba 2010 iliipeleka nchi nzima. Wengine wakafuata njia hiyo. Hesabu yake ni rahisi na ni kali. Kipindi cha zamani kilichokwisha kupendwa na watu kinahitaji kulipiwa haki ya kurushwa tu. Hakitaki jiko, hakitaki mwalimu, hakitaki mpiga picha aamke alfajiri. Kipindi kipya cha mapishi, hata kikiwa cha bei nafuu kiasi gani, lazima mtu akipike. Nafasi iliyoonekana ya bure mwaka 2009 ilikwisha kuwa na bei baada ya miaka mitano, na kila mwenye kituo akaanza kujiuliza ni nani atakayemlipa zaidi kwa nafasi hiyo.

Mapema mwaka 2014 Disney wakatangaza kwamba Live Well ingefungwa Januari 2015. Baadaye wakaisogeza mbele tarehe hiyo, na mwishowe chaneli ikatoka katika vituo vya kampuni nyingine lakini ikabaki katika vile vya ABC wenyewe. Wakati huohuo, tarehe 15 Aprili 2015, ikazaliwa Laff, chaneli ya vichekesho vya zamani, na vituo vilevile vya ABC vilikuwa miongoni mwa vile vilivyoianzisha hewani. Siwezi kukueleza huzuni ya bibi aliposikia habari ya kufungwa, na furaha yake alipoona 7.2 bado ipo. Furaha hiyo haikudumu, kwa maana tulichokuwa tukikiona sasa yalikuwa marudio tu. Alijua kila kipindi kitakwisha vipi. Aliendelea kutazama, lakini penseli aliiweka kwenye droo, na mimi naichukulia siku alipoiweka kwenye droo kuwa ndiyo siku chaneli ile ilipokufa, ingawa hewani ilikuwepo. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 2016, Mungu amrehemu.

Sura ya pili ya historia hii ilianzia kwenye simu. Mwezi wa Septemba 2018 vituo vya ABC vilianzisha jina jipya, Localish, kwa ajili ya video fupi za mtandaoni: mwoka mikate wa mtaa fulani, duka la familia lililorithiwa, fundi mwenye kipaji, watu wanaotendeana wema katika miji yao. Zilitengenezwa na wafanyakazi wa vituo vyenyewe, kila mji ukileta za kwake. Tarehe 17 Februari 2020, wiki chache kabla ya Uviko kutufungia majumbani, jina la Live Well likaondolewa na chaneli nzima ikaitwa Localish. Tazama mkondo ulivyogeuka, somo. Mwaka 2009 nafasi ya hewani ilitangulia, kisha wakatafuta vipindi vya kuijaza. Mwaka 2020 video zilitangulia mtandaoni, zikikutana na watu kwenye simu zao, kisha zikaletwa hewani.

Nimeitazama Localish kwa mwaka mzima na zaidi, na nataka kuwa mwadilifu. Imepata kitu ambacho Live Well haikuwa nacho, nacho ni sura za watu wa hapa. Nimewaona ndani yake wahamiaji wakiuza chakula cha kwao, watu wanaofanana na mimi na wewe, ambao zamani wangeonekana katika televisheni pale tu palipotokea tatizo. Hilo linanigusa sana. Lakini imepoteza subira. Video ya dakika tatu inakuonyesha kwamba fulani anaoka mkate mzuri, wala haikufundishi kuuoka. Ukiitazama unafurahi, na bahasha yako inabaki tupu.

Sasa nije kwenu. Kumbuka kwamba hali yenu si kama ya huku. Tangu Dar es Salaam ilipozima analojia tarehe 31 Desemba 2012, kituo chenu kinatengeneza maudhui na kampuni nyingine yenye leseni ya kurusha matangazo ndiyo inayoyafikisha kwenye ving'amuzi. Huku mwenye kituo ndiye mwenye masafa, na nafasi iliyobaki ni yake. Ninyi hamna mabaki, kila nafasi mtailipia tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo yale yaliyoikuta Live Well mwaka wa tano yatawakuta mwezi wa kwanza, na lazima muwe na jibu. Kama ningekuwa katika kikao chenu ningeomba haki zote za kila kipindi zibaki kwenu, pamoja na haki ya kukipeleka mtandaoni, ili nafasi ya hewani ikipotea kazi isipotee nayo. Na ningeomba kila kipindi cha mapishi kiwe na urefu wa kutosha kwa mtu kuandika. Watafuteni walimu. Yule mama wa Tanga aliyetufundisha sisi wawili kusukuma chapati, akitupiga vidole kwa mwiko kila tulipolivuta donge kwa pupa, ana thamani kuliko mtangazaji yeyote mwenye sura nzuri, na kamera ikae juu ya mikono yake mpaka chapati igeuzwe.

Niandikie mkishaamua urefu wa vipindi, na unieleze ni nani mliyemchagua kwa jiko. Zile bahasha za bibi ninazo. Watoto wake walinipa sanduku lote baada ya mazishi. Moja imeandikwa supu ya maharage, na vipimo vyake vinakatika katikati ya mstari, mahali ambapo nadhani picha iliganda.

Ni mimi somo yako akupendaye.