Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi: Afya ya mfanyakazi isiishie kwenye bonanza la michezo

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi,

Salaam, na pole na majukumu.

Mimi ni afisa rasilimali watu. Kwa miaka mingi nimefanya kazi katika viwanda vya hapa Dar es Salaam, na fomu za ED (ruhusa ya daktari ya kupumzika kwa ugonjwa), barua za rufaa na maombi ya ruhusa za kuuguza hupitia mezani kwangu. Nakuandikia kwa sababu naamini programu za afya kazini zinamfaa mwajiri na mfanyakazi wote wawili, lakini pale tu zinapogusa kazi yenyewe. Nyingi ninazoziona haziigusi.

Nianze na fedha, maana ndiyo hoja inayosikilizwa upesi kwenye vikao vya menejimenti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Fundi mitambo akipata kiharusi, mwajiri analipa siku hizo, anamlipa na wa kumshikia nafasi, na bado uzalishaji unayumba kwa sababu anayeijua ile mashine yuko kitandani. Nyumbani kwa fundi hali ni ngumu zaidi. Mshahara umekatwa nusu, kodi ya nyumba iko palepale, na mkewe amefunga genge ili amuuguze. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulionyesha kwamba takriban mtu mmoja katika kila wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na presha ya juu. Huo ndio umri wa watu tunaowapanga zamu.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya wanapoanza kazi na baadaye kwa vipindi. Ni sheria nzuri. Shida ni kinachofuata. Watu wanapanga foleni, wanapimwa, faili linafungwa, na aliyekutwa na presha anarudi kwenye mashine yake bila kuambiwa aende wapi wala apewe ruhusa ya kwenda kliniki lini. Swali ninaloulizwa kila mara siku ya kupima ni hili: "Majibu yangu atayaona nani?" Wakishasikia kwamba yanapita kwa meneja wa uzalishaji, baadhi yao hawaonekani tena siku hiyo. Wanaogopa kuachishwa, na siwezi kuwalaumu.

Kuna kiwanda cha kushona nguo nilichowahi kufanyia kazi ambako kila laini ya cherehani ilikuwa na kadi mbili tu za kwenda chooni. Kadi zikiwa nje, unasubiri. Kina dada wakawa hawanywi maji kuanzia wanapoingia asubuhi. Fomu za ED zilizonijia kutoka laini hizo zilikuwa na maneno yaleyale: UTI, kichwa, tumbo la chini. Aliyeunganisha mambo hayo ni nesi aliyekuwa akija kiwandani mara mbili kwa wiki; alimuuliza dada mmoja anakunywa maji kiasi gani kwa siku, na jibu likafungua kila kitu. Kadi ziliondolewa, na ndoo za maji safi zenye koki zikawekwa mwisho wa kila laini. Wasimamizi walihofia kwamba lengo la siku halitafikiwa. Lilifikiwa, kwa sababu viti vilivyokuwa vitupu kwa ED vilikuwa na watu. Mabadiliko hayo hayakuhitaji mtaalamu kutoka nje wala fulana zenye nembo.

Siyapingi mazoezi. Rais Samia, akiwa Makamu wa Rais mwaka 2016, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi, na mimi ni mmoja wa waliokimbia. Lakini anayefungasha bidhaa kwa zamu, Jumamosi hiyo yuko kazini, amesimama. Huko Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulifuatilia karibu wafanyakazi 33,000 wa kampuni moja ya maduka makubwa. Pale palipokuwa na programu ya mafunzo ya lishe na mazoezi, baada ya miezi 18 watu wengi zaidi walisema wanafanya mazoezi. Ila presha zao, gharama zao za matibabu na utoro wao kazini havikutofautiana na vya wenzao wasiokuwa na programu. Mafunzo peke yake hayatoshi.

Tazama saa za kazi. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walieleza mwaka 2021 kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Sheria yetu inaruhusu saa 45 za kawaida kwa wiki, na hadi saa 50 za ziada katika wiki nne. Ukijumlisha, mwajiri anayefuata sheria neno kwa neno anaweza kumfanyisha mtu kazi saa 57 na nusu kila wiki.

Na mawazo, Mheshimiwa. Wengi wanaokuja ofisini kwangu wakiwa hawalali usiku wanasumbuliwa na mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa ya mitaani. Kadi ya benki iko kwa mkopeshaji, simu inaita mchana kutwa, na mtu huyo anaendesha mashine ya kukata. SACCOS ya kiwanda, yaani chama cha akiba na mikopo, iliyosimamiwa vizuri nayo ni programu ya afya.

Ninaloomba liko ndani ya mamlaka yako. Wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wakifika kiwandani waangalie maji ya kunywa, vyoo na ile saa moja ya mapumziko kama wanavyoangalia mitungi ya kuzimia moto, na waulize kila aliyekutwa na ugonjwa alipewa rufaa gani. Majibu ya vipimo yakae kwa daktari na mwenye mwili, mwajiri aambiwe tu kama mtu anafaa kwa kazi au la. Viwanda vidogo vilivyopakana viruhusiwe kuajiri nesi mmoja kwa pamoja, na mwajiri anayefanya haya kwa dhati apunguziwe mchango wake kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Suala la saa za ziada lipelekwe LESCO, baraza la kazi, uchumi na jamii, ambako serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi wanakaa meza moja, na lijadiliwe kama suala la afya.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Afisa rasilimali watu,
Dar es Salaam